Barua pepe ya ofisi ndani ya Thunderbird: mwongozo kwa waliozoea webmail

Ofisi nyingi ndogo zenye anwani inayoishia na .co.tz au .or.tz zimekodi nafasi kwenye seva yenye cPanel, programu ya kusimamia tovuti na barua, na barua zao husomwa kwa kuandika /webmail mwishoni mwa anwani ya tovuti. Roundcube, programu ya kusomea barua ndani ya kivinjari, inafunguka, unasoma, unajibu, unafunga. Kwa barua tano kwa siku, hiyo inatosha kabisa. Kazi huanza kuwa ngumu pale mhasibu anapotafuta ankara ya Machi huku intaneti imekatika, au pale mtu mmoja anaposimamia info@, mauzo@ na uhasibu@, na kila moja inamtaka aingie na kutoka upya. Hapo ndipo programu ya barua iliyowekwa kwenye kompyuta yenyewe inapofaa.

Hapa nitatumia Thunderbird ya Mozilla. Ni ya bure, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na kompyuta kuukuu ya ofisini huimudu. Ile programu ya Mail iliyokuja na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2024, na Outlook mpya iliyokuja badala yake hupitisha barua za akaunti zisizo za Microsoft kwenye seva za Microsoft. Kwa barua za wateja mimi sipendelei utaratibu huo. Kama ofisi ina Outlook ya zamani inayokuja na Office, endelea nayo. Majina ya seva na namba nitakazotaja zinafanya kazi huko vilevile.

Amua kwanza barua zitakaa wapi

Kabla hujapakua chochote, chagua kati ya IMAP na POP, njia mbili za programu kupokea barua kutoka kwenye seva. Watu wengi huruka hapa, wakabonyeza chochote kilichotokea kwenye skrini, na majuto huja miezi kadhaa baadaye.

Ukitumia IMAP, barua zinaishi kwenye seva. Thunderbird inakuonyesha zilizoko kule na kukuwekea nakala. Ukisoma barua kwenye kompyuta, kwenye simu itaonekana imeshasomwa. Ukiifuta kwenye kompyuta, imefutika kila mahali. Ukitumia POP, kompyuta inazichukua barua na kuzihifadhi yenyewe, na seva inaweza kubaki tupu. POP ilibuniwa mwaka 1984, mtu alipokuwa na mashine moja tu na kukaa hewani ni gharama. IMAP ilianzishwa na Mark Crispin pale Stanford mwaka 1986, kwa ajili ya watu wanaosoma barua zilezile kutoka mashine zaidi ya moja.

Kwa hiyo jiulize: anwani hii inasomwa na vifaa vingapi? Vikizidi kimoja, chagua IMAP, hakuna mjadala. Mgogoro ninaoukuta mara nyingi ni huu: bosi anasoma info@ kwenye simu, katibu wake kawekewa POP kwenye kompyuta. Kila asubuhi kompyuta ikiwashwa inavuta barua zote na kuziondoa kwenye seva. Bosi akifungua simu saa nne anakuta pakavu, anampigia mwenye seva na kumwambia barua zake zinaibiwa. Hakuna mwizi. Barua zote ziko mezani kwa katibu.

POP bado ina kazi yake. Kama kifurushi chenu kinatoa nafasi ndogo kwa kila anwani, na anwani yenyewe inasomwa na mtu mmoja kwenye kompyuta moja, POP inakuepusha na lile onyo la kisanduku kujaa. Hata hivyo, ingia kwenye Server Settings uhakikishe pamewekwa tiki kwenye Leave messages on server, kisha weka idadi ya siku, tuseme 14. Kompyuta ikifa au ikiibwa, zile za wiki mbili za mwisho utazikuta.

Na kwa wa IMAP, neno moja kabla hatujaendelea. Wapo wanaofuta barua kwenye webmail ili kupunguza nafasi, wakiamini nakala imebaki kwenye kompyuta. Haibaki. Mara Thunderbird itakapowasiliana na seva, nayo itafuta. Barua unayotaka kuitoa kwenye seva bila kuipoteza, ivute uiweke kwenye Local Folders, sehemu inayoonekana chini kabisa upande wa kushoto. Kilichomo humo kipo kwenye diski ya kompyuta hiyo peke yake.

Kusanya taarifa kabla ya kugusa programu

Ingia kwanza kwenye webmail kwa pasiwedi unayoijua. Ikikataa huko, hakuna programu itakayoikubali, kwa hiyo maliza hilo na msimamizi wa cPanel kabla ya jambo lingine lolote.

Ukishaingia, tafuta ukurasa unaoitwa Configure Mail Client. Msimamizi anaufikia pia kupitia cPanel, kwenye Email Accounts, kwa kubofya Connect Devices mbele ya anwani husika. Ukurasa huo una makundi mawili ya seting: la salama lenye SSL/TLS (usimbaji unaoficha barua zikiwa njiani), na lingine lisilo na ulinzi. Chukua la kwanza. Tangu Januari 2018 wataalamu wa viwango vya intaneti, IETF, wanashauri mawasiliano ya barua yafungwe kwa usimbaji tangu sekunde ya kwanza, na ukiwa unasoma barua za ofisi kupitia Wi-Fi ya hoteli utaelewa kwa nini.

Nakili haya pembeni. Porti ni namba ya mlango wa seva, na SMTP ni njia ya kutuma barua. Nimetumia jina la mfano, weka la kwenu:

Jina la mtumiaji: info@ofisiyenu.co.tz
Seva ya kupokea: mail.ofisiyenu.co.tz, IMAP porti 993, au POP porti 995
Seva ya kutuma: mail.ofisiyenu.co.tz, SMTP porti 465

Jina la mtumiaji ni anwani nzima, pamoja na alama ya @ na kila kinachofuata. Ukiandika info peke yake, seva itakataa na kukuambia pasiwedi ina makosa, nawe utabaki unaibadilisha pasiwedi isiyo na kosa lolote. Na kama ukurasa wenu unaonyesha jina la seva tofauti na mail., fuata la ukurasa, siyo langu.

Weka programu, ingiza akaunti

Pakua kutoka thunderbird.net. Usichukue kwenye tovuti za kugawa programu. Huko unaletewa na wageni usiowaalika. Ikishasimama, itakuuliza mambo matatu: jina lako, anwani na pasiwedi. Mpangilio wa skrini hubadilika kidogo kutoka toleo hadi toleo, lakini maswali ni hayohayo.

Kwenye jina, kumbuka hilo ndilo mteja ataliona kwenye kikasha chake. Nimeona barua za nukuu ya bei zikitoka kwa “User” au “HP”, kwa sababu aliyeweka alikuwa na haraka. Andika jina la ofisi na idara.

Bofya Continue. Thunderbird itajaribu kutafuta seting yenyewe: inauliza kwenye tovuti yenu, inaangalia orodha ya Mozilla ya watoa huduma, na ikikosa inabahatisha kwa kutanguliza imap. au mail. mbele ya jina lenu. Mara nyingi inapata. Usibofye Done kabla ya kusoma ilichopata. Angalia kama imechagua IMAP au POP kulingana na uamuzi wako, na kama pande zote mbili zinasema SSL/TLS. Kuna kitu kimekaa vibaya? Bofya Configure manually, ujaze mwenyewe:

Kupokea: IMAP, mail.ofisiyenu.co.tz, 993, SSL/TLS, Normal password, info@ofisiyenu.co.tz
Kutuma: mail.ofisiyenu.co.tz, 465, SSL/TLS, Normal password, info@ofisiyenu.co.tz

Hiyo Normal password isikutishe. Pasiwedi haisafiri uchi, maana njia yote tayari imefungwa na SSL/TLS. Bofya Re-test, na ikikubali, Done. Kama 465 haipiti kwenye mtandao wenu, jaribu 587 na STARTTLS, ambayo huanza wazi kisha ikafunga njia kwa usimbaji. Porti 25 achana nayo: watoa huduma wengi wa intaneti wameifunga kwa sababu ya watuma barua taka.

Likitokea onyo la cheti

Cheti ni kitambulisho cha kidijitali cha seva. Dirisha linajitokeza likisema seva haiwezi kuthibitishwa, na chini kuna kitufe cha Confirm Security Exception. Kidole kinawasha. Subiri kwanza.

Tazama saa ya kompyuta, kona ya chini kulia. Desktop za zamani betri ndogo ya ubao mama ikiisha, kila umeme ukikatika tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Kwa kompyuta inayoamini leo ni 2010, cheti cha mwaka huu bado hakijaanza kazi. Rekebisha tarehe, onyo linaondoka, na betri yenyewe, aina ya CR2032, si ghali.

Kama saa iko sawa, soma onyo linataja nini. Likisema cheti ni cha jina jingine, basi seva mnayoshiriki na wateja wengine ina cheti chenye jina la mwenye seva, siyo lenu. Dawa ni kutumia jina hilo la seva kwenye seting, kama mwenye seva anavyoelekeza, au kumwambia atoe cheti kwa ajili ya mail.ofisiyenu.co.tz. cPanel ina kifaa cha kufanya hivyo bila malipo, kinaitwa AutoSSL. Mara nyingi kinahitaji kuendeshwa upya tu. Ukikubali onyo ovyo ovyo umejizoesha kukubali, na siku mtu atakapojiweka katikati yako na seva, utamkubali na yeye.

Okoa bando

Fanya hili mara tu akaunti inapokubali, la sivyo Thunderbird itaanza kushusha kila barua na kila kiambatisho tangu siku anwani ilipofunguliwa. Kwa mtu wa faiba ni sawa. Kwa anayetumia hotspot ya simu, bando la wiki linaisha kabla ya chai ya saa nne.

Ingia Account Settings, kisha Synchronization & Storage chini ya akaunti yako. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa tiki kwenye kuhifadhi barua za akaunti kwenye kompyuta. Hapo utaona orodha ya barua, na mwili wa barua utashuka pale tu unapoifungua. Lakini intaneti ikikatika, huna kitu. Ya pili, ambayo kwa ofisi naiona bora, ni kuacha tiki na kuchagua zihifadhiwe za siku za karibuni tu, kwa mfano 30 au 90. Hapohapo kuna sehemu ya kuizuia isishushe barua inayozidi ukubwa fulani. Weka kiwango kinachoendana na viambatisho vyenu vya kawaida, na zile kubwa zenye picha za ujenzi zitasubiri uzifungue mwenyewe.

Kwenye Server Settings utakuta pia dakika za kuangalia barua mpya. Kumi zinatosha ofisi yoyote isiyouza tiketi.

Folda, na barua zilizotumwa

Tuma barua kwenda kwenye Gmail yako binafsi, ijibu kutoka huko, kisha urudi kwenye webmail uangalie Sent. Barua uliyotuma iko? Vizuri. Haipo? Basi Thunderbird imeiweka pengine. Fungua Copies & Folders na uielekeze kwenye folda ya Sent iliyo ndani ya akaunti hiyo, siyo ile ya Local Folders. Hili ni dogo kuliangalia leo na kubwa kulitafuta siku mteja atakaposema hakutumiwa mkataba.

Ukiona folda ulizotengeneza kwenye Roundcube hazionekani, bofya kitufe cha kulia juu ya jina la akaunti, chagua Subscribe, weka tiki kwenye unazozitaka.

Gmail, Yahoo na Outlook.com

Hawa ni wepesi zaidi kwa sababu Thunderbird inawajua. Kwa Gmail unaandika anwani, dirisha la Google linafunguka ndani ya Thunderbird, unaingia kama kawaida, unaruhusu, basi. Seva ni imap.gmail.com porti 993 na smtp.gmail.com porti 465, na uthibitishaji uwe OAuth2, yaani huko kuingia kupitia dirisha la Google badala ya kuipa programu pasiwedi. Tangu mwisho wa Mei 2022 Google hawakubali tena pasiwedi ya kawaida kwenye programu za nje kwa akaunti binafsi. Programu ya zamani isiyojua OAuth2 inahitaji pasiwedi maalumu ya herufi 16, nayo inatolewa baada ya kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Kuwa mwangalifu na folda ya All Mail: ina kila barua ambayo tayari ipo kwenye Inbox na kwingineko. Iondolee tiki kwenye Subscribe.

Yahoo ni imap.mail.yahoo.com na smtp.mail.yahoo.com, porti zilezile. Outlook.com na Hotmail zilifunga mlango wa pasiwedi ya kawaida tarehe 16 Septemba 2024. Chagua OAuth2, seva ikiwa outlook.office365.com porti 993, na kutuma smtp-mail.outlook.com porti 587 na STARTTLS.

Inapogoma

Inapokea, haitumi. Tatizo liko kwenye seva ya kutuma, ambayo ina seting zake peke yake chini kabisa ya Account Settings, Outgoing Server. Seva za cPanel mara nyingi hujibu moja kwa moja: “Please turn on SMTP Authentication in your mail client”. Maana yake jina la mtumiaji na njia ya uthibitishaji havikujazwa upande wa kutuma.

Barua ya info@ inamfikia mteja ikiwa na anwani ya Gmail. Hii huwapata wenye akaunti mbili. Thunderbird ina seva moja ya kutuma iliyo chaguo-msingi, na akaunti ya pili inaweza kuwa inaitumia bila wewe kujua. Gmail ikiona barua yenye anwani ya kampuni ambayo haijasajiliwa kwake, inabadilisha anwani ya mtumaji na kuweka yako. Fungua akaunti ya ofisi, shuka hadi chini palipoandikwa Outgoing Server, chagua seva ya ofisi.

Ofisi nzima haipokei, na tovuti yenu wenyewe haifunguki. Kabla hujamlaumu mwenye seva, washa data ya simu na ufungue webmail. Ikifunguka huko lakini ikagoma kwenye Wi-Fi ya ofisi, mmefungiwa. Seva ina ulinzi dhidi ya wanaobahatisha pasiwedi, na kompyuta zote za ofisi zinaonekana kwake kama anwani moja ya mtandao. Pasiwedi ilibadilishwa Jumatatu, lakini kuna simu au tableti ya mfanyakazi bado inagonga na ya zamani kila dakika chache. Baada ya mara kadhaa seva inafunga mlango kwa wote. Mwombe mwenye seva awafungulie, akupe na jina la akaunti iliyokuwa inakosea. Ukilipata, unamjua mwenye simu. Ndiyo maana siku ya kubadilisha pasiwedi ni vizuri kuwa na orodha ya vifaa vyote vinavyosoma anwani hiyo.

Kompyuta inayotumiwa na wengi

Thunderbird huhifadhi pasiwedi, na yeyote atakayeketi hapo anaweza kufungua Settings, Privacy & Security, Saved Passwords, akazisoma moja moja. Kwenye ukurasa huohuo washa Use a Primary Password, pasiwedi moja itakayoulizwa programu ikifunguliwa. Hakuna wa kukurudishia ukiisahau, kwa hiyo iandikwe na kufungiwa kabatini.

Siku mtakapohama seva

Kwa IMAP, hapa ndipo barua za miaka hupotea kwa mchana mmoja. Mkihamia kwa mwenye seva mwingine, jina mail.ofisiyenu.co.tz litaanza kuelekea seva mpya, ambayo kisanduku chake ni kitupu. Thunderbird itaingia, itaona hakuna kitu, na itafuta nakala zake ili zilingane na ilichokiona.

Kwa hiyo siku chache kabla, rudisha seting ya Synchronization & Storage ihifadhi barua zote, ukiwa kwenye intaneti isiyo ya bando, na uiache imalize. Tengeneza folda ndani ya Local Folders, fungua Inbox, bonyeza Ctrl na A, kisha nakili kwa Copy To, siyo Move To. Fanya vivyo hivyo kwa Sent na folda nyingine. Linganisha idadi ya barua pande zote mbili. Kisha funga programu na unakili folda nzima ya wasifu, ambamo Thunderbird huhifadhi barua na seting zake, kwenye diski ya nje. Kwenye Windows utaipata kwa kuandika %APPDATA%\Thunderbird\Profiles kwenye sehemu ya anwani ya File Explorer. Jina likishaelekea seva mpya na akaunti ikakubali kuingia, zivute zile barua kutoka Local Folders hadi Inbox, folda moja moja, usiku wakati mtandao hauna watu.